Tumehamisha barua pepe za kampuni kutoka kwa kichujio cha nje

Nimekuwa kimya kwa zaidi ya miezi miwili na wachache mmeniuliza kulikoni. Nilikuwa nahamisha barua pepe za kampuni. Kampuni yenyewe ni ya uwakala wa forodha, ofisi kuu iko Changamwe, tawi dogo liko Likoni, na mimi ndiye "kijana wa kompyuta", yaani naandika programu zao za ndani na pia kitu chochote chenye waya kikizima naitwa mimi. Kwa miaka mingi kila barua iliyokuwa ikija kwetu ilipitia kwanza kwa kampuni moja ya ng'ambo inayochuja spamu, kisha ndipo ikatufikia. Sasa hazipitii huko tena. Naeleza hapa kwa nini tuliondoka na jinsi tulivyoondoka, maana nilipotafuta maelezo ya Kiswahili juu ya jambo hili sikupata la maana.

Kwanza kwa wale ambao si watu wa seva. Mtu akikuandikia barua kwenye anwani ya kampuni yako, seva yake huuliza DNS swali moja: barua za domeini hii zipelekwe wapi? Jibu linakaa kwenye rekodi inayoitwa MX. Ukijiunga na huduma ya kuchuja, unabadilisha MX ili ioneshe seva zao badala ya zako. Barua inaenda kwao, wanaikagua, wakiiona safi wanaileta kwako, wakiitilia shaka wanaiweka karantini, na wakiwa na hakika kuwa ni taka wanaitupa. Ndiyo maana barua kutoka kwa ofisi iliyo ng'ambo ya barabara kuja kwetu ilikuwa inasafiri hadi Ulaya kisha inarudi. Wenyeji wa huku bara wataelewa: ni kama kutoka Changamwe kwenda Mtongwe. Kwa macho ni maji tu katikati, lakini wengi tumezoea kuingia kisiwani, kusubiri feri, ndipo tukatokea Likoni.

Sasa, nisije nikaonekana namlaumu aliyeweka mpango huo. Wakati ule ulikuwa na akili sana. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kwenda nje. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu, na kila kilobaiti ililipiwa kwa uchungu. Ofisi ya Changamwe yenye laini nyembamba ingejazwa matangazo ya vidonge na bahati nasibu, na ungelipa kuyashusha kisha ulipe tena kwa muda wa kuyafuta. Kuzuia taka kule kule kabla haijapanda setilaiti kulikuwa kuokoa pesa. Halafu waya wa TEAMS ukatua hapa Mombasa mwezi wa Juni 2009, SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy ukafuata 2010. Sababu ya kwanza ya mkataba wetu ikafa pale pale ufukweni, lakini mkataba wenyewe ukaendelea kulipwa, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza tuliuanzisha kwa nini. Mambo mengi ya ofisini huishi hivyo.

Tena ulikuwa unalipwa kwa dola, kwa kila sanduku la barua. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilipofika karibu shilingi 160, mzee mwenye kampuni alianza kusoma ankara moja moja. Baadaye mwaka huo shilingi ilirudi hadi karibu 130, lakini mzee hakuacha kusoma ankara.

Hata hivyo pesa haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni kontena la mitumba.

Mteja wetu mmoja, mfanyabiashara wa Kongowea, alikuwa na mzigo unaokuja Kilindini. Katika kazi hii kuna barua moja ambayo usipoiona kwa wakati umekwisha, nayo ni notisi ya kufika kwa meli. Ikifika ndiyo unaanza mbio: malipo ya wenye meli, kutolewa kwa idhini ya mzigo, karatasi za forodha. Siku za bure zikipita unaanza kulipa gharama za kuhifadhi, na wenye meli nao wanadai demareji ya kontena lao. Notisi ya mzigo ule ilitumwa. Aliyeituma anayo kumbukumbu kwamba ilipokelewa. Kwetu haikufika. Ilikaa karantini ng'ambo siku sita, na tulijua tu mteja mwenyewe alipokuja mlangoni kuuliza mbona kimya. Kampuni ilibeba sehemu ya gharama, yeye akabeba iliyobaki, na faida yake ya mzigo ule iliishia hapo. Ni mtu wa heshima, hakupiga kelele. Alimuuliza tu dada wa mapokezi: "Sasa mwanangu, hiyo barua ilikuwa wapi?" Dada akanitazama mimi.

Nilipoifungua nikaona jambo ambalo tangu siku hiyo limenikaa kichwani. Barua ile ilikuwa na kila dalili ya utapeli. Kichwa cha habari chote kwa herufi kubwa, kinasema ni haraka. Imetumwa na anwani ambayo haijawahi kutuandikia kabla, kwa sababu wakala wa meli alibadilisha mfumo. Ina kiambatisho cha ZIP. Inataja pesa zinazotakiwa kulipwa kabla ya tarehe fulani. Ukiwa umekaa mbali na unachuja barua za hospitali, shule na maduka ya dunia nzima, ungeiona hiyo na kusema huyu mwizi. Na kweli, wezi wa mtandao wanapenda sana kujifanya kampuni za usafirishaji. Shida ni kwamba sisi NDIO kampuni ya usafirishaji. Barua halali za kazi yetu zinafanana na barua za wezi kuliko zinavyofanana na barua za mtu mwingine yeyote. Kichujio cha watu wote hakiwezi kujua hilo, na hata ukikifundisha leo kuhusu mtumaji mmoja, kesho anakuja mwingine.

Kila usiku wa manane huduma ile ilituma muhtasari wa vilivyozuiwa, orodha ndefu ya mistari mia na zaidi, kwa herufi ndogo. Hakuna binadamu anayesoma orodha ya aina hiyo kila siku. Nilijaribu kuwaandikia. Nilijibiwa kwa adabu kwamba mfumo wao unajifunza wenyewe.

Basi nikamwendea mzee na pendekezo. Mzee si mtu wa kompyuta. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Na ikipotea tena, nitamuuliza nani?" Nikamwambia, mimi. Akasema sawa. Naomba msomaji ulishike swali hilo, kwa sababu kila uamuzi wa kiufundi uliofuata ulitokana nalo. Tulitaka mahali ambapo barua ikizuiwa kuna mtu wa kuulizwa, naye anaweza kufungua faili la kumbukumbu na kujibu.

Kuna jambo jingine lililonipa moyo. Huduma hizi zenyewe huhama mikono. Postini ilianzishwa 1999 na ilikuwa jina kubwa katika kazi hii, Google wakainunua 2007 kwa dola milioni 625, kisha 2012 wakatangaza kuwa wateja wake watahamishiwa kwenye bidhaa zao nyingine. MX Logic ilinunuliwa na McAfee 2009, na kufikia Januari 2017 huduma hiyo ilikuwa imefungwa. Kwa hivyo usidhani swali ni kama utahama au hutahama. Siku moja utahamishwa, na ni afadhali uende kwa tarehe uliyoichagua mwenyewe.

Tulichagua Postfix ya kupokea barua na Rspamd ya kuzichuja, kwenye seva tunayokodi Nairobi. Mbona si ofisini Changamwe? Kwa sababu ya stima, na kwa sababu anwani ya IP ya ofisi haina rekodi ya PTR, ile inayogeuza namba kuwa jina. Seva ya barua isiyo na PTR inaonekana na wenzake kama mgeni asiye na kitambulisho.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote wala haikuhusu kuchuja. Ilikuwa kujua nani anatuma barua kwa jina letu. Ukitumia huduma ya nje kwa miaka, barua zinazotoka nazo huwa zinapitia kwao, na rekodi yako ya SPF, ile inayotaja ni seva zipi zimeruhusiwa kutuma kwa jina lako, inawataja wao. Ukiwaondoa siku moja bila kujua ni nani mwingine anayewategemea, utasikia kilio kutoka pembe usizozijua. Kwa hivyo wiki nne kabla ya kugusa chochote nilichapisha rekodi ya DMARC yenye amri ya kutofanya lolote, ila kuletewa ripoti. Google na wengine wakubwa hutuma kila siku faili la XML linaloonesha ni anwani zipi za IP zimetuma barua kwa jina la domeini yako. Nikaandika skripti fupi ya Python ya kuzisoma.

Nilitarajia majina mawili: seva yetu na programu ya hesabu. Yakaja mengi zaidi. Fomu ya tovuti ilikuwa inatuma yenyewe kutoka kwa wenye kukodisha tovuti. Programu ya zamani ya kutoa taarifa za mizigo, ambayo wote tulidhani imezimwa, ilikuwa bado hai kwenye kompyuta moja chini ya meza. Na skana ya Likoni! Mashine ile iliwekwa na fundi fulani zamani, ikapewa kazi ya kutuma nakala za karatasi moja kwa moja kwa barua pepe, na ilikuwa inatumia akaunti ya huduma ile ya nje yenye neno la siri ambalo hakuna aliyelijua. Kama tungekata mkataba siku hiyo, tawi la Likoni lisingeweza kutuletea nakala hata moja, na wangeanza kuvusha karatasi kwa feri kama zamani. Angalizo kwa wenzangu: SPF inaruhusu hatua 10 tu za kutafuta kwenye DNS. Ukiongeza kila mtu humo bila hesabu, utavuka kikomo na rekodi nzima inahesabika mbovu.

Kazi ya pili ilikuwa kuifundisha Rspamd. Hapa kuna mtego ambao sikuuona umeandikwa popote. Programu hizi hutumia hesabu za Bayes, wazo ambalo Paul Graham alilieneza kwa makala yake ya 2002: unahesabu maneno yanayotokea sana kwenye spamu na yale yanayotokea kwenye barua halali, kisha barua mpya unaipima kwa hesabu hizo. Kwetu maana yake ni kwamba manifesti, B/L, Kilindini na "kontena limetoka" yanageuka kuwa dalili za uzima. Safi kabisa. Lakini Rspamd haianzi kutumia hesabu hizo mpaka ione angalau barua 200 za kila upande, na ukiwa nyuma ya kichujio cha nje spamu HUNA. Imezuiwa kule. Una barua halali elfu nyingi na taka kidogo sana. Mahali pekee penye taka zako mwenyewe ni kwenye karantini yao, na siku ukifunga akaunti karantini inafungwa nayo.

Basi niliishusha yote, na nikaipitia pamoja na dada wa nyaraka, barua kwa barua, jioni tatu mfululizo. Yeye ndiye anayejua kazi. Mimi ningeona jina geni na kusema taka, yeye anasema, "La, huyu ni wakala mpya wa meli fulani, wamehamia Mwembe Tayari." Tulitoa humo barua halali kumi na kitu ambazo hakuna aliyewahi kuziuliza. Baadhi zilikuwa za wateja waliotaka bei. Hawakujibiwa, bila shaka wakaenda kwa wengine, na sisi tukaendelea kusema biashara imekuwa ngumu.

Orodha ya walioruhusiwa kupita bila kukaguliwa nayo niliishusha, lakini sikuihamisha. Ndani yake kulikuwa na gmail.com nzima. Mtu alichoka na malalamiko ya wateja akafungua lango zima, na simlaumu. Tatizo la kuruhusu kwa jina la mtumaji ni kwamba jina hilo yeyote anaweza kuliandika. Tulianza upya na orodha fupi ya wakala wa meli na benki, na sharti ni kwamba barua iwe na sahihi ya DKIM ya domeini hiyo inayokubalika. Jina bila sahihi, unapanga foleni kama wengine.

Kwa wiki mbili za mwisho niliwaambia wale wa nje waache kuzuia, wawe wanatia alama tu na kupitisha kila kitu, ili Rspamd ione mvua yote. Hapo kumbuka jambo moja: barua zote zinakuja kutoka IP za huduma ile, kwa hivyo ukipima SPF kwa anwani inayokugongea mlango, kila barua itaonekana ya kughushi. Rspamd ina moduli inayoitwa external_relay ya kuiambia ipuuze huyu wa katikati na imtazame aliyekuwa nyuma yake. Niliiwasha kwa wiki hizo mbili na kuizima usiku wa kuhama.

Usiku wenyewe haukuwa na mengi. Jumatano nilishusha TTL ya MX kutoka sekunde 86,400 hadi 300, maana ile ya kwanza ni siku nzima, na seva za dunia hukumbuka jibu la zamani mpaka muda huo uishe. Jumamosi saa nne usiku nikabadilisha MX na kufungua fayawoli. Kabla ya hapo poti 25 ya seva yetu ilikuwa inawakubali wale wa nje peke yao, na kama wewe bado unatumia huduma kama hiyo nenda kahakikishe yako iko vile vile, kwa sababu spama mwerevu haulizi MX, anagonga seva yako moja kwa moja kwa IP na kukipita kichujio chako cha dola. Dakika chache baadaye barua ya kwanza ikaingia kwa njia mpya. Ilikuwa tangazo la mikopo. Rspamd ikaikataa, nami nikalala.

Wengi huniuliza, na seva ikizima je, barua si zitapotea? Hapana. SMTP ilitungwa na watu waliojua kwamba mitambo huzima. Maelekezo yake yanamtaka anayetuma aendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Barua haipotei kwa saa chache za giza. Barua inapotea pale mtu anapoipokea, anasema asante, kisha anaificha.

Na hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mpango wa zamani na wa sasa. Ukiwa mlangoni mwenyewe unaweza KUKATAA barua wakati mtumaji bado amesimama pale. Seva yake ndiyo inayomwambia: barua yako haikupokelewa. Kama ni mtu halali atapiga simu, kama ni spama hajali. Ukiwa nyuma ya kichujio cha nje huwezi, kwa sababu mtumaji ameshaikabidhi barua kwa wale wengine na kuondoka zake, na ukijaribu kuirudisha mara nyingi utamrudishia mtu asiyehusika ambaye jina lake liligushiwa. Kwa hivyo kanuni yetu sasa ni hii: barua ama inakataliwa mlangoni, ama inaingia kwenye sanduku la mwenyewe, au kwenye folda yake ya taka anayoiona pembeni. Hakuna chumba cha tatu. Rspamd huja na alama zake, 6 kwa kutia alama na 15 kwa kukataa, na hatukuziteremsha. Matokeo yake ni kwamba folda za taka zimenenepa kuliko zamani, na baadhi ya wafanyakazi wamelalamika. Mzee aliwaambia heri waone taka kumi kuliko wakose notisi moja.

Ile mbinu ya kumsubirisha mgeni kwa dakika kadhaa kabla ya kumpokea tuliizima. Inasaidia sana dhidi ya spama wavivu, lakini katika kazi yetu kuna barua za msimbo na za idhini ambazo mtu anazingoja akiwa amesimama getini na dereva wa lori anapiga honi. Huwezi kumwambia dereva asubiri kidogo kwa sababu za usalama wa mtandao.

Spamhaus tunawatumia, wale wenye orodha ya IP za watu wabaya, walioanza kazi 1998. Mambo mawili. Hawajibu maswali yanayopitia seva za DNS za umma kama 8.8.8.8, kwa hivyo ilibidi niweke Unbound yetu wenyewe, na ukisahau hilo utadhani orodha inafanya kazi kumbe unapewa jibu la kukufukuza. Pili, kwa biashara wanataka ulipe. Tunalipa, na ni kwa dola tena, mzee aliguna.

Barua za kuingia zilitulia haraka. Za kutoka ndizo zilizonitoa jasho, na hapa nisifiche upande wa huduma za nje: moja ya vitu ulivyokuwa ukiwalipia ni jina lao zuri. IP mpya haina historia, na mtu asiye na historia hutiliwa shaka. Kabla ya kuikubali IP niliikagua kwenye orodha nyeusi, nikakataa ya kwanza niliyopewa kwa kuwa aliyeitumia kabla yetu aliiharibu. PTR sawa, SPF sawa, DKIM sawa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi (kwa Google ni zaidi ya barua 5,000 kwa siku) wawe na vyote pamoja na DMARC. Sisi hatufiki hata robo ya hizo lakini tulitimiza yote. Gmail wakatupokea. Mtoa huduma mmoja mwingine mkubwa alitutupa kwenye taka kwa wiki mbili hivi, na katika muda huo akina dada wa ofisini walikuwa wakituma ankara kisha kumpigia mteja: "Angalia upande wa spamu, baba, ukiipata iambie si spamu." Polepole ikakubali. Kama kampuni yako haina watu wenye subira ya simu za namna hiyo, fikiria mara mbili.

Kuna jambo ambalo kichujio chochote, cha ndani au cha nje, hakiwezi kulitatua, nalo linaniogopesha kuliko spamu. Ni ile barua inayosema akaunti yetu ya benki imebadilika, tafadhali lipa kwenye hii mpya. FBI ya Marekani, kupitia kitengo chao cha malalamiko ya mtandao, ilihesabu hasara ya dola bilioni 2.9 kwa utapeli wa aina hii mwaka 2023 peke yake. Mara nyingi inatoka kwenye sanduku HALISI la mtu unayemjua, lililoibiwa neno la siri, kwa hivyo SPF ni safi, DKIM ni safi, na lugha ni ile ile aliyoizoea. Wakati mwingine domeini ni pacha, herufi r na n zimewekwa pamoja zikaonekana m. Kwa domeini pacha nimeandika kanuni inayotia onyo jekundu juu ya barua. Kwa ile ya sanduku lililoibiwa, dawa yetu ni dada wa hesabu na kitabu chake cha namba za simu. Halipi akaunti mpya mpaka apige namba iliyo kitabuni, si ile iliyo kwenye barua. Mwanzoni wateja walimwona msumbufu. Mzee amempa ruhusa ya kuwa msumbufu.

Faida moja sikuitarajia. Barua zetu zimejaa nakala za vitambulisho, vyeti vya PIN vya KRA na pasipoti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayeshika data ajue iko wapi na ina masharti ya kuitoa nje ya nchi. Zamani mtu akiuliza nakala yangu ya kitambulisho imepita wapi, jibu la kweli lingekuwa: Ulaya, kwenye karantini, kwa watu tusiowajua. Sasa naweza kutaja seva.

Mkataba wa zamani tuliuacha uishe wenyewe mwezi mmoja baada ya kuhama, kwa makusudi, ili wachelewaji wapate njia. Seva ya mteja mmoja wa Uganda iliendelea kupeleka barua kwa njia ya zamani kwa siku nne. Baada ya wiki ya kwanza waliobaki huko walikuwa spama peke yao.

Kwa sasa DMARC yetu imepanda kutoka kutofanya lolote hadi kutia kwenye taka. Hatua ya mwisho ni kuamuru barua yoyote inayoghushi jina letu ikataliwe kabisa, na haijawekwa kwa sababu ya skana ya Likoni, ambayo haijui TLS ya kisasa na inabidi ipitie kwenye kompyuta ndogo niliyoiweka pembeni yake ili impokee na kumtumia. Kompyuta hiyo ikizimwa na mtu anayetafuta mahali pa kuchaji simu, Likoni wananyamaza. Mzee amekubali kununua skana nyingine mwezi ujao. Ikifika nitavuka feri kwenda kuifunga, kisha nitabadilisha hilo neno moja kwenye DNS.